Alizungumzia Mpunga

Tulimzika Katibu Iringa, siku ya upepo, na kabla jeneza halijatoka nyumbani walikuwa wameshamwita mwamba, taa, jemedari, nguzo ya katikati na mzazi wa wilaya nzima. Mimi nilikuwa chini ya turubai, mstari wa pili, kwenye viti vya wazee, na karatasi yangu mfukoni, maana nilipangiwa kusema mwisho. Kulikuwa na kijana mmoja kutoka ofisini mkoani, ana tai, ana sauti nzuri, anasema "taa yetu imezimika" na anafuta jicho kavu. Nikajisemea, marehemu angekufukuza kazi wewe. Taa gani? Mji huu umeme unakatika kila mara, mtu akisikia taa imezimika anawaza mshumaa, halii. Katibu angekuuliza kwanza: hawa watu jana wamekula nini? Wameamka saa ngapi? Mikono yao leo ilikuwa imeshika nini? Nikawa nimekasirika kabisa, nakasirika msibani, na umri huu. Ndipo mwanamke mmoja mzee, kitenge cha kijani, akainama kutoka nyuma akaniambia sikioni kwa Kisangu, "Na leo utatafsiri wewe?" Nikageuka. Sikumjua. Halafu nikamjua, na mkono wangu ukaenda mfukoni kushika ile karatasi kama mtu anayeogopa kuibiwa. Alikuwa Atu, binti wa Asegelile. Mara ya mwisho nilimwona ana miaka kumi na sita, amekaa juu ya magunia nyuma ya lori, ameshika kuku wawili, na hakunipungia.

Wapo watu wanaoandika maisha yao wakianza na babu wa babu. Mimi naanza na ukuta. Kisangu nilikipata kwa mama, na habari za ukoo zinatosha hapo. Kiswahili cha kusoma nilikipata kwenye ukuta wa chumba nilichopanga Mbeya, miaka mitatu minne hivi kabla bendera haijabadilishwa. Mwenye nyumba alibandika magazeti ya zamani ili kuzuia baridi, nami nililala hapo nasoma, herufi moja moja, mpaka nikaanza kusoma mstari. Shule nilikaa miezi mitano tu, nikagombana na mwalimu, nikatoka mwenyewe kabla hawajanitoa. Kwa hiyo mpaka leo kuna habari za dunia nazijua nusu, maana nusu nyingine ilikuwa imezibwa na kabati. Lakini mdomo nilikuwa nao. Katibu, siku zile katibu wa chama cha kudai uhuru, alinikuta kwenye hoteli ya chai karibu na soko, nabishana na wapagazi wanne kwa wakati mmoja kuhusu kodi ya kichwa, nimesimama, nimemwaga chai ya mtu. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Wewe kijana, nani kakupa ruhusa ya kusema vizuri hivyo na hujui unachosema?" Watu wakacheka. Nikataka kumpiga. Akaniagizia chai nyingine. Tangu siku hiyo, mtu akimsema vibaya Katibu mbele yangu, tunashikana mashati. Sipendi nusunusu, mimi. Nikimpenda mtu nampenda na mabaya yake, na hilo ndilo tatizo ninalotaka kulieleza hapa.

Ofisi ya chama ilikuwa chumba kimoja nyuma ya fundi cherehani. Benchi mbili, meza yenye mguu uliofungwa waya, jiko la mafuta ya taa, na dirisha lililozibwa na ubao kwa sababu kioo kilivunjika na hakuna aliyejua nani alipe. Asubuhi tulikula viazi vya kuchemsha na chumvi, chai ya rangi, na cherehani ya fundi ikipiga kelele ukutani mpaka Katibu akazoea kusema kwa mapigo yake. Kazi yangu ilikuwa hii: yeye akipangiwa kuhutubia mahali, mimi natangulia siku mbili. Sibandiki matangazo, siiti watu. Nakaa. Nakula nao, nabeba nao, nasikiliza. Halafu narudi namweleza. Mara ya kwanza nilimletea malalamiko: kodi, ng'ombe kupunguzwa kwa amri, mtu kupigwa faini kwa kulima mteremkoni. Akakunja uso. "Malalamiko ninayo gunia zima. Hata wao wanayo. Nikiwarudishia watasema asante, wataenda nyumbani. Niletee kitu wanachokishika kwa mkono." Nikamuuliza, kitu gani? Akasema, "Hicho hicho. Kitu ambacho nikikitaja, mama aliyebeba mtoto mgongoni asihitaji kufikiri."

Mkutano wa kwanza niliomtafutia ulikuwa hapo hapo Mbeya, mwezi wa Juni, baridi ile ya kukata masikio. Nilimwambia tu kwamba nilikolala tulikuwa watu watano na blanketi moja. Akasimama mbele ya watu, akauliza, "Nani asubuhi hii ameamka miguu iko nje?" Kicheko. Mikono mingi. "Blanketi ni moja, ndugu zangu, sisi ni wengi. Tungebanana, lingetosha. Lakini tulimkaribisha mgeni, tukasema maskini, ametoka mbali, tumweke katikati apate joto. Mgeni akapata joto. Akageuka. Akaanza kuvuta." Hapo alishika koti lake mwenyewe akalivuta polepole upande mmoja, na uwanja mzima ukaguna. Wasafwa wazee waliokuja na fimbo zao walikuwa wanapiga mapaja. Askari aliyetumwa kuandika hotuba alikuwa pembeni na daftari, kalamu iko juu, hajui aandike nini. Siku ya tatu Katibu aliitwa kwa Bwana Shauri, yule mzungu mkuu wa wilaya, na mimi nikamsubiri nje kwenye majani, tayari kwa lolote, nimeshaamua nani nitampiga kwanza. Akatoka anatembea taratibu. Tulipofika kwa fundi ndipo akaanza kucheka mpaka akashika ukuta. "Amenisomea daftari: 'alizungumzia blanketi.' Nikamwuliza, bwana mkubwa, kuna sheria ya blanketi?" Nilicheka mpaka nikalia. Niliona nimepata shule. Mfano una mlango wa nyuma: msemaji anatoka, wasikilizaji wanabaki ndani. Nililiandika hilo kwa makaa ukutani kwangu, juu ya gazeti. Nilidhani ni jambo zuri.

Iringa tulikwenda kabla ya mvua. Mji ule uko juu, na siku zile maji yako chini, kwa hiyo nilikaa siku mbili nikipandisha ndoo na akina mama mpaka shingo ikakakamaa, wakinicheka, "Mwanaume gani huyu, mkewe amemfukuza?" Mmoja alinisalimu kwa Kihehe, "Kamwene, mwanangu, ukifika juu kwa wakubwa usiombe kunywa, utajua uchungu." Nilimletea Katibu ndoo hiyo. Na yeye, mbele ya wanaume wenye makoti waliokuwa wamekaa viti vya mbele, akawapita, akaangalia nyuma kabisa walikosimama wanawake. "Mama, hayo maji unayopandisha kila asubuhi, nani ananawia miguu?" Basi. Hakuongeza kitu. Ilibidi angoje vigelegele viishe. Nakumbuka nilisimama pale nikiona kwamba duniani hakuna mtu kama huyu, na kwamba neno langu, ndoo yangu mimi, imefanya hivyo.

Sasa Chimala. Chimala kule chini bondeni ndiko nilikokuwa na kwetu, kama naweza kusema kwetu, na nilikuwa nafikia kwa Asegelile, tuliyemwita Baba Atu. Mnyakyusa wa Rungwe, alishuka Usangu miaka kumi nyuma na mke wake kulima mpunga, na watu wakampenda kwa sababu alikuwa hana papara. Wakulima wenyewe walimchagua agawe zamu za maji. Mfereji unaanza juu, kwenye banio, pale maji ya mto yanapozuiwa na mawe na magogo, halafu unashuka shamba kwa shamba. Wa juu akijaza sana, wa mkiani anapata tope. Baba Atu alikuwa anapita na jembe begani, anafungua hapa, anaziba pale, na hakuna aliyepigana. Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili, nalala chumba cha magunia, harufu ya pumba mpaka kwenye nywele. Mama Atu alipika mbalaga, ndizi na maharage, na siku ya kambare tulikula ubwabwa. Atu alikuwa amemaliza darasa la nne la misheni, anajua Kinyakyusa cha nyumbani, Kisangu cha jirani na Kiswahili cha kitabu, na alikuwa ananisahihisha nikisema, mbele ya watu. "Kaka, si 'viatu yangu'." "Nyamaza wewe, umesikia?" "Nimesikia. Viatu vyangu."

Chakula cha hapo sikula bure, nilipalilia. Ni kwenye jaruba la tatu, kile kipande cha shamba la mpunga kilichozungushiwa tuta, Februari, maji yanafika kwenye ugoko, Baba Atu alinifundisha mpunga mwitu. Mimi nilikuwa naona majani tu. Akanishika mkono akaupitisha kwenye shina moja, halafu jingine. "Huu tumepanda. Huu hatujapanda, umekuja na maji. Unafanana, eti? Tazama. Huu unapenda kusimama juu ya wenzake. Mizizi yake inatembea chini kwa chini. Na ukizaa, punje zinapukutika kabla hujashika mundu, maji yanazibeba mpaka kwa jirani wa chini. Ndiyo maana hapa kwetu jirani wa chini akiona mpunga mwitu shambani kwako, anaingia kung'oa. Hapigi hodi. Hata kama ni mkwe wako, hapigi hodi, na wewe hukasiriki." Nikamuuliza, akikosea je, aking'oa mpunga mzuri? Akacheka. "Hawezi kukosea. Sisi wote tunajua kupapasa."

Wiki hiyo hiyo Katibu akaja kwa mkutano wa kwanza. Mimi ndiye niliyetafsiri, maana wazee na akina mama wengi wa bondeni Kiswahili chao kilikuwa cha salamu. Nilimpa mfereji. Akasema nchi yetu ni mfereji, na mtu mmoja amekalia banio, anajaza shamba lake kwanza, sisi sote tumewekwa mkiani tunakunywa tope. Nikautia Kisangu, nikautia na mikono, watu wakachemka. Halafu Baba Atu akasimama. Alisimama taratibu kama kawaida yake, kofia mkononi. "Bwana Katibu, nashukuru. Umesema kweli. Mimi nauliza kitu kimoja. Huyo akishatoka kwenye banio, nani atakaa pale? Maana hata huku kwetu, kila ninapomtoa mtu kwenye banio anakuja mwingine, na anakuwa na kiu zaidi." Watu wakaangua kicheko. Hawakumcheka Katibu, walikuwa wanacheka banio, wanacheka majirani zao, wanaonyeshana vidole. Lakini Katibu alikuwa mgeni pale, aliona meno tu. Akasema, "Swali zuri, mzee wangu. Tutalijibu siku hiyo." Kwenye lori tukapita Igurusi. Halafu: "Yule mzee ni wa hapa?" Nikasema, hapana, wa Rungwe. "Kumbe," akasema. Akavuta kofia machoni.

Niliona aibu. Siku niliporudi Chimala sikuketi, nilimkabili Baba Atu mlangoni. "Umemwaibisha kiongozi mbele ya watu!" Akasema, "Mwanangu, nimemwuliza." "Maswali gani hayo? Unamsaidia nani?" Mama Atu akatoa kichwa jikoni, "Ee, punguza sauti, huyu ni baba yako wewe." Nikasema, baba yangu mimi ni nchi, na maneno mengine ya namna hiyo. Baba Atu alinisogezea kigoda. "Basi kula kwanza," akasema, "halafu utanifokea." Na nikala. Hilo ndilo linaniuma kuliko yote, nilikula, nikaongeza, nikanawa, nikaondoka bila kuaga.

Mwishoni mwa Machi, Mbeya, asubuhi ya viazi, Katibu akaniuliza kama alivyouliza kila mara. "Wale wa bondeni, msimu huu, wanaogopa nini?" Nikamweleza mpunga mwitu. Wote. Kufanana, kuja na maji, kusimama juu ya wenzake, mizizi ya chini kwa chini. Aliacha kutafuna. Akaniambia nirudie pale pa kupukutika. Mtu akiniuliza leo, ulijua anachokitaka? Nikisema sikujua nitakuwa naongopa, nikisema nilijua nitakuwa najipa akili ambayo sikuwa nayo. Nilijua nusu, kama habari za ukutani kwangu. Kitu kimoja tu sikumwambia, kwa sababu cherehani ilianza na yeye akainuka: habari ya kutopiga hodi.

Mkutano wa pili ulijaa kuliko wa kwanza. Baba Atu alikaa mbele kwenye nyasi, kofia juu ya goti, Atu pembeni yake. Katibu hakumtazama hata mara moja, na huo ndio ulikuwa ufundi wake. Alianza kwa kuwasifu. "Mpunga wenu una mimba sasa, nimeuona njiani, nikavua kofia." Wakafurahi. Halafu akashusha sauti. "Lakini ndani ya mpunga kuna mpunga. Unafanana nao. Unakunywa maji yenu. Haukupandwa na mtu wa hapa, umekuja na maji. Mnautambuaje? Unapenda kusimama juu ya wenzake. Wakati wa kupalilia una majani mengi, una maneno mengi, wakati wa kuvuna hauna punje. Na mizizi yake, ndugu zangu, inatembea chini kwa chini mpaka kule mjini, mpaka mlangoni kwa mkubwa." Akanigeukia. Askari anaandika, anaona mpunga. Ilikuwa zamu yangu.

Nataka hili lieleweke, maana nimelificha miaka mingi sana. Katibu aliishia hapo. Mimi nikafungua mdomo, nikautia wote Kisangu, sentensi kwa sentensi, na nilikuwa nasema vizuri, jamani, nilikuwa nasema vizuri kuliko siku zote za maisha yangu. Watu wakatulia hivi, hata watoto wa mgongoni. Na nilipofika mwisho sikuweza kuacha. Nilitaka Katibu aone nimemfikisha mbali kuliko alivyokwenda mwenyewe. Nikaongeza, kwa Kisangu, cha kwangu, "Na desturi yetu mnaijua. Mpunga mwitu haupigiwi hodi." Sauti iliyotoka kwa wale watu haikuwa kigelegele. Ilikuwa ni kama watu wengi wanashusha mizigo kwa pamoja. Katibu akanigusa bega, akaniuliza pembeni, "Umewaambia nini cha mwisho?" Nikasema, nimemalizia tu. "Vizuri," akasema.

Siku ya pili asubuhi majirani walikuja kwa Baba Atu. Sikuwepo, nilikuwa Rujewa kupeleka kadi za chama, nikarudi jua liko kichwani. Nilidhani nitakuta vurugu, lakini walikuwa wameondoka na kila kitu kilikuwa kimepangwa. Majaruba yote ya Baba Atu, ule mpunga uliokuwa na mimba, umeng'olewa na mizizi yake, umekusanywa mafungu mafungu juu ya tuta, vichwa upande mmoja, kama wanavyofanya kwa palizi. Hakuna aliyevunja mlango, hakuna aliyetukana. Waling'oa kwa mistari. Jirani wa chini, mama mmoja niliyemheshimu, alikuwa ananawa miguu mfereji ule ule. Nikamwambia, "Mama, mmefanya nini?" Akanishangaa kweli. "Si mlisema nyie?" "Ule ulikuwa mfano!" "Ndiyo," akasema, "tuliuelewa." Baba Atu alikuwa amesimama katikati ya maji matupu. Ameokota shina moja, analipapasa kwa kidole gumba, juu, chini, juu.

Alikwenda kulalamika baraza la jumbe, na kwenda kwenyewe kukawa ushahidi, wakasema mnaona, mizizi imetembea. Jumbe hakutaka matatizo na mtu yeyote. Aliuliza Katibu kasema nini, wakaniita mimi niliyetafsiri. Chumba kilikuwa kimejaa, watu wamekaa mpaka dirishani. Katibu alikuwa ameniambia asubuhi, bila kunitisha, huku anakunywa chai, "Sema ukweli tu. Nilizungumzia mpunga." Nikasema, "Alizungumzia mpunga." Watu wakacheka, kicheko kile kile tulichocheka kwa fundi siku ya blanketi. Jumbe akafunga daftari. Baba Atu akaomba kuuliza kitu kimoja. Wakazomea kidogo, haya, mzee wa maswali. Hakumwuliza jumbe. Akanigeukia. "Na wewe, mwanangu, ulisema nini?"

Nikasema, "Nilitafsiri."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa jibu la kutosha, akavaa kofia, akatoka. Wiki ile walipakia lori la kwenda Rungwe. Kazi ya zamu za maji akapewa mwingine, na kabla ya kuvuna watu wawili walikuwa wameshapasuana vichwa kwenye banio. Mbeya, Katibu aliniambia neno moja tu kuhusu jambo lile, anamenya kiazi. "Lilikuwa swali zuri, lile la yule mzee. Tatizo aliliuliza mbele ya watu." Nami nikaendelea naye. Msitegemee nimwache hapa kwenye ukurasa kama kwenye hadithi, sikumwacha. Nilimpenda zaidi, maana kama yeye alikuwa mbaya, mimi nilikuwa nani? Bendera ikabadilishwa, tukalia kwa furaha, na nililia kweli. Na baadaye, alipopata shamba Chimala, karibu kabisa na banio, mimi ndiye niliyemtafutia vibarua wa kusafisha mfereji. Swali la Baba Atu likawa limejibiwa, na mimi ndiye niliyesimamia majembe.

Kwa hiyo chini ya turubai Iringa nilimwambia Atu, "Dada, nilikuwa kijana." Ndilo neno lililonitoka. Akasema, "Mimi nilikuwa mtoto, na nilisikia. Katibu hakusema habari ya hodi. Nilisikia Kiswahili chake, nikasikia Kisangu chako. Lile la hodi uliliweka wewe." Nikauliza kama baba yake alijua. "Nilimwambia kwenye lori, kabla hatujafika Mbeya. Nilidhani atakasirika, nikafurahi kwamba atakasirika." Akapanga kitenge magotini. "Akasema, 'Hilo nilimfundisha mimi, jaruba la tatu.' Basi. Hakukutaja tena mpaka anakufa." Nilitaka kumuuliza alikufa lini, alikufaje, mama yake je, lakini mshereheshaji alikuwa ameshika kipaza sauti anataja jina langu, mzee wetu, mwenzake marehemu tangu enzi zile, karibu. Atu akasema, taratibu tu, si kwa kunikomoa, "Nenda. Leo sema cha kwako."

Nikaenda. Niliacha karatasi mfukoni. Nikawatazama, wengi wametoka mashambani kule bondeni, mikono nikaijua. Nilikuwa na sentensi tayari, fupi, ina jina la mtu na jina la mahali. Nikafungua mdomo, na ukatoka mfano wa zamani, wenyewe, umepashwa moto vizuri: "Ndugu zangu, nani leo amekunywa maji ya mfereji? Basi mmemnywa marehemu." Wakaguna kwa uchungu mzuri. Akina mama wakaanza kulia, wa kweli, sio kama kwa yule wa taa. Nikawapandisha, nikawashusha, nikawaacha kileleni. Nilipogeuka, kiti cha Atu nyuma ya changu kilikuwa kitupu, na chini yake sahani ya ubwabwa wa msiba aliyopewa imewekwa nzima, haijaguswa, kijiko juu yake.

Kwa hiyo naandika, maana mdomo hautaki. Asegelile wa Chimala hakuwa mtu wa wazungu. Aliuliza swali. Mpunga wake ulikuwa mzuri, niliupalilia mwenyewe, nilikuwa nimeshajifunza kupapasa. Watu waliung'oa kwa sababu niliwaambia waung'oe. Barazani mzee aliponiuliza, nilidanganya.